"To" au "-ing": mambo ya kukagua kabla ya mtihani wa Kiingereza

Mwanafunzi wa Uyole au Mafinga akiandika "I enjoy to play football", aliyemponza ni ku- ya Kiswahili. Kwetu "kucheza" ni kitenzi na ni jina pia. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maumbo mawili, na mara nyingi neno linalotangulia ndilo linaloamua.

Kabla ya karatasi ya Novemba, anza na vihusishi, maana hapo kanuni haiyumbi: baada ya in, of, without na before, kitenzi huja na -ing. Mtego uko kwenye "look forward to". Hiyo to ni kihusishi, kwa hiyo barua ya kuomba kazi humalizika na "I look forward to hearing from you", si "to hear". Vivyo hivyo mtu wa Makete ataandika "I am used to waking up in the cold", yaani baridi ya alfajiri ameizoea. Akiiacha am na kuandika "I used to wake up", anazungumzia tabia ya zamani iliyokwisha.

Kisha vitenzi vyenyewe. Enjoy, finish, avoid, mind na suggest hudai -ing. Want, hope, decide, promise na refuse hudai to. Kukariri orodha tupu hakusaidii sana. Andika kila kimoja ndani ya sentensi unayoweza kuiona: "We finished picking the tea", "They decided to sell the potatoes". Vitano kwa siku vinatosha.

Muda mwingi upe stop na remember, kwa kuwa hapa maumbo yote mawili ni sahihi ila maana inageuka. "The driver stopped to buy bananas" ni dereva aliyesimama Tukuyu ili anunue ndizi. "Stopped buying bananas" ni aliyeacha kabisa kuzinunua. Kwa stop, ukiweza kutia "ili", chagua to. "Remember to lock the door" ni agizo, mlango haujafungwa bado. "I remember locking it" ni kumbukumbu ya jambo lililopita.

Begin na start hazina ubishi, andika upendavyo. Let na make hazitaki chochote: "They made us wait." Ila make ikiingia kauli ya kutendwa, to inarudi: "We were made to wait."