Kutengeneza ubao wa nyuzi za mkonge na rezini
Fundi wa Mwanza anayetaka kutengeneza ubao mwepesi kwa nyuzi za mkonge na rezini ya poliesta (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) ashughulikie kwanza ukavu, kwa kuwa nyuzi hizo hunywa unyevunyevu wa hewa ya ziwani, na rezini haishiki vizuri penye maji. Ukiwa umevaa glavu, ziloweke saa chache katika maji yenye kostiki soda (kemikali kali inayounguza ngozi) asilimia 5, uzisuuze hadi utelezi uishe, kisha uzianike juani mpaka zikauke kabisa. Hapa, nakusihi, usiharakishe. Paka nta kalibu, yaani umbo la kufinyangia ubao, ili ubao usigande humo. Changanya rezini na kigumishi (kemikali inayoigandisha) asilimia 1 hadi 2, kiasi cha kutumia mara moja tu, upange nyuzi kwa matabaka ndani ya kalibu, uloweshe kila tabaka kwa rezini hiyo ukiondoa mapovu kwa rola, kisha gandamiza kwa saa 24 mahali penye hewa ya kutosha.