Kabla Hujabadilisha Mmiliki wa Vitu Kwenye Active Directory

Kila kitu kwenye Active Directory, yaani saraka ya Microsoft ya akaunti za watumiaji, kompyuta na makundi ya ofisi, kina mmiliki. Mstari wa mmiliki umejificha ndani kabisa ya mipangilio ya usalama, ndiyo maana wengi hawaujali. Lakini mmiliki wa kitu, hata kama jina lake halimo kwenye orodha ya ruhusa, kwa kawaida anaweza kuisoma orodha hiyo na kuiandika upya. Kwa maneno mengine, anaweza kujipa ruhusa yoyote anayoitaka. Ukikuta kompyuta za ofisi nzima zinamilikiwa na akaunti ya fundi mmoja, una haki ya kutaka kuzihamishia kwenye kundi la Domain Admins, yaani wasimamizi wakuu wa domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na saraka hiyo). Ila skripti isubiri kwanza.

Anza kwa kujua hali ilivyo. Msimamizi wa Domain Admins akiunda kitu, mmiliki huwa ni kundi hilo lenyewe. Fundi aliyekasimiwa ruhusa ya kuunda vitu kwenye OU fulani (OU ni kama folda ya kupangia vitu vya saraka), yeye binafsi ndiye huwa mmiliki. Mtumiaji wa kawaida anayeunganisha mashine kwenye domeni kwa ile nafasi ya mashine 10 ambayo mfumo humpa kila mtumiaji hawi mmiliki. Mmiliki ni Domain Admins, na mtumiaji huyo hubaki ameandikwa kwenye sifa ya mS-DS-CreatorSID, inayoonyesha nani aliunda kitu. Kwa hiyo orodha yako ya wamiliki itakuwa na mchanganyiko: UHASIBU-07 inamilikiwa na KAMPUNI\fundi2, inayofuata ina Domain Admins, na nyingine haina jina kabisa ila SID, namba ndefu ya utambulisho wa akaunti, inayoanza na S-1-5-21. Namba ya namna hiyo mara nyingi ni ya akaunti iliyokwisha kufutwa. Tena usichanganye mmiliki na sehemu ya managedBy. Hiyo ni taarifa tu ya nani anasimamia, na haimpi mtu nguvu mpaka umwekee ruhusa yake.

Orodha hiyo ihifadhi kwenye faili kabla hujagusa chochote. Andika objectGUID (namba ya kipekee isiyobadilika) ya kila kitu pamoja na SID ya mmiliki wa sasa, kwa sababu majina hubadilika na vitu huhamishwa OU. Usitegemee pipa la taka la Active Directory: linarudisha kilichofutwa, si sifa iliyobadilishwa. Bila faili hilo, njia ya kurudi nyuma ni bakapu ya seva ya domeni, na hiyo hakuna anayeifurahia.

Sasa kuna jambo ambalo naona hupuuzwa kuliko yote: kubadilisha mmiliki hakusafishi ruhusa. Kama fundi2 alishapewa, au alishajipa, udhibiti kamili wa UHASIBU-07, mstari huo unabaki palepale hata baada ya jina lake kutoka kwenye umiliki. Oktoba 2022 Microsoft walikaza masharti ya kutumia tena akaunti ya kompyuta iliyopo wakati wa kuunganisha mashine kwenye domeni. Wengi walipokutana na kosa namba 0xaac wakakimbilia kubadilisha mmiliki, na kweli ukaguzi ukapita. Microsoft wenyewe walitahadharisha kwamba ruhusa hatarishi za mmiliki wa zamani zinaweza kubaki, wakashauri umiliki usiguswe kwa mkono isipokuwa akaunti ya mmiliki huyo imefutwa. Machi 2023 walileta sera ya kuorodhesha wamiliki wanaoaminika. Kama shida yako ni kuunganisha mashine tu, nenda kwenye sera hiyo, uachane na umiliki.

Bado unaendelea? Basi fahamu kwamba umiliki haurithiwi. Ruhusa hushuka kutoka OU kwenda kwa vilivyomo, umiliki haushuki, kwa hiyo kila kitu kitabadilishwa peke yake. Haki ya kutwaa umiliki inakuwezesha kujiweka wewe au kundi la wasimamizi ulimo. Kumweka mtu au kundi lingine kunadai haki ya kurejesha data. Angalia pia kama kwenye orodha ya ruhusa kuna mstari wa OWNER RIGHTS, SID S-1-3-4, maana ukiwepo, nguvu za mmiliki mpya zitafuata kilichoandikwa humo. Akaunti zinazolindwa na AdminSDHolder, kiolezo cha ruhusa za akaunti za wasimamizi, ziweke kando: ruhusa zake hurudishwa kama kiolezo kilivyo kila baada ya dakika 60, na ukizikuta zina mmiliki wa ajabu, hilo ni suala la usalama la kuchunguzwa kivyake.

Washa ukaguzi wa mabadiliko ya saraka ili tukio namba 5136 liandikwe, kisha jaribu kwa mashine moja ambayo ikigoma haitasumbua watu. Izime, iwashe, mwambie fundi aliyekuwa mmiliki ajaribu kuifuta au kuiunganisha upya, uone kinachogoma. Kama mashine iko tawini, vuta subira: mabadiliko kati ya maeneo ya mtandao (sites) husubiri hadi dakika 180 kama ratiba haijarekebishwa, na ukikagua mapema utasoma mmiliki wa zamani kwenye seva ya huko.