Kagua laptopu ya mtumba kabla hujatoa hela

Mteja akifika mezani kwangu, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Fundi, hii ni i5 au i7?" Na muuzaji anapenda sana swali hilo, maana jibu lipo kwenye stika, na stika hubandikwa na yeyote.

Hatua ya 1: uliza kizazi, yaani toleo la prosesa, ule ubongo wa kompyuta; i5 na i7 ni madaraja tu ya prosesa za Intel. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa prosesa. Ukikuta i5-8350U, ile 8 inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Usishuke chini ya cha 8. Kwanza, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inazikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho. Pili, na hili ndilo wengi hawalijui, i7-7600U ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) viwili tu wakati i5-8250U ina vinne. Kwa hiyo "i7" ya bei kubwa inaweza kupitwa na i5 iliyo pembeni yake.

Kwa majina: ThinkPad T480 ya Lenovo, Latitude 7490 ya Dell na EliteBook 840 G5 ya HP nyingi ni kizazi cha 8. Angalia vizuri, kwa sababu T470 na T480 zinafanana kama kurwa na doto, na EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6.

Hatua ya 2: betri. Hapa usione haya kumchelewesha muuzaji. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri, litafute kwenye Start), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuonyesha faili limehifadhiwa wapi; lifungue kwa kivinjari. Tafuta namba mbili: Design Capacity, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo wa sasa. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 31,000, betri imebaki na asilimia 62. Mimi ikishuka chini ya 60 naomba punguzo la bei ya betri mpya. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo soma zote.

Hatua ya 3: kufuli. Hii iliniumiza mwenyewe. Niliwahi kumnunulia mteja mashine safi kabisa. Nilipoifuta na kuiunganisha na intaneti ili kuianza upya, kioo kikaleta jina la kampuni ya ng'ambo na kudai barua pepe ya mfanyakazi, yaani bado ilikuwa imefungwa na kampuni hiyo. Muuzaji simu hapokei. Siku hizi naifuta pale pale dukani kwa bando langu, hata kama inachukua saa nzima. Pia zima, washa, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows: F1 kwa Lenovo ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nywila ya msimamizi, irudishe mezani.

Hatua ya 4 ni ya haraka. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, kisha Memory: utaona nafasi ngapi za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, zimetumika. T480 ina nafasi mbili. T490 RAM moja imechomelewa kwenye bodi na nafasi ni moja tu. Fungua Notepad ubonyeze kila herufi. Tikisa kioo kidogo usikie bawaba, kitazame kwa ubavu: rangi zikigeuka, ni kioo cha bei rahisi. Chomeka flashi kila tundu.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisichukue kijilaptopu kipya cha boksi, chepesi? Vingi vya bei ya chini vina Celeron (prosesa dhaifu ya Intel), RAM ya GB 4 iliyochomelewa na hifadhi ya eMMC ya GB 64, nayo imechomelewa kwenye bodi. Windows ikijisasisha mara mbili tatu, nafasi imekwisha, na huna pa kuongezea. Kwa mtoto wa kuandika na kusoma tu, sawa. Kwa kazi, hapana.

Ukiridhika, linganisha namba ya mashine (serial number) iliyo kwenye kava la chini na ile ya kwenye BIOS, iandikwe kwenye risiti pamoja na siku za kujaribu. Chaja ichomeke mbele yako, na ukae dakika kumi ukitazama asilimia inapanda.