Somo: Mwanafunzi wako anazungumza Kihispania? Anzia hapa

Wengi wetu tunaofundisha Kiingereza mtandaoni tumeshapata mwanafunzi wa Meksiko, Kolombia au Hispania. Kuna walimu wanaomtwisha orodha ndefu ya maneno ya kukariri. Naona hiyo ni kazi bure. Kosa lake limetoka kwenye lugha yake, basi lifuate huko huko. Na anayejua Kiswahili ana bahati: mara nyingi Kihispania na Kiswahili vinakubaliana, Kiingereza ndicho kinachojitenga.

Hatua ya 1: Anza na makosa unayoyajua mwenyewe

Akisema "I have hunger" au "I have 20 years", usishangae. Kwao ni "tengo hambre", "tengo 20 años". Kwetu ni nina njaa, nina miaka 20. "Tengo sed" ni nina kiu, "tengo prisa" ni nina haraka. Kiingereza ndicho kinachodai "I am hungry".

"Explain me" nayo inatoka kwenye "explícame", neno moja kama "nieleze". Anayeelezwa ameshabebwa na kitenzi, kwa hiyo mwanafunzi haoni "to" ya nini. "Listen music" ni "escuchar música", sawasawa na kusikiliza muziki. Kisha kuna "su", ambayo kama "-ake" yetu haisemi mwenye kitu ni mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana utasikia "María and his husband".

Hapa usitoe mhadhara wa sarufi. Mpe sentensi chache kuhusu maisha yake mwenyewe, azirudie mpaka ulimi uzoee.

Hatua ya 2: Kitenzi kimoja chao, viwili au vitatu vya Kiingereza

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Chukua "esperar". Neno hilo moja ni kungoja, kutumaini na kutarajia, kwa hiyo mwanafunzi anakuandikia "I wait you are well". Wewe unazo tofauti hizo tayari kichwani, lakini yeye hazijui kwa Kiswahili, basi mwonyeshe kwa tukio moja:

"I'm waiting for the bus. I expect it at 8. I hope it isn't full."

Mngojaji ni yule yule, kituo ni kile kile. Kungoja ni muda kupita tu; "expect" ina sababu ya kuamini, pengine ratiba; "hope" ni matakwa. Baada ya hapo mwambie atunge zake kuhusu mshahara, mgeni au matokeo ya mtihani.

"Decir" inazaa "say" na "tell". Kwetu ni rahisi: "tell" ni kuambia, lazima awepo anayeambiwa, "say" ni kusema. "Ganar" ni "win" kwa mechi na "earn" kwa mshahara. "Perder" ni "lose" kwa funguo, "miss" kwa basi na "waste" kwa muda.

"Hacer" ndiyo yenye kero: "make" au "do"? Walimu husema "make" ni kuunda kitu na "do" ni kutenda. Halafu inakuja "make the bed", na hakuna kitanda kilichoundwa. Mfundishe jozi nzima nzima: "make a mistake", "do the shopping", "make a decision", "do a favour".

Hatua ya 3: Marafiki wa uongo

Wenyewe huyaita "falsos amigos". Kihispania ni mtoto wa Kilatini, na Kiingereza kilichota maneno mengi ya Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa hiyo "nación" ni "nation" na "universidad" ni "university". Mwanafunzi anapata maelfu ya maneno bure, kisha anaamini kila linalofanana.

Yanayochekesha hayana hatari kubwa. Mjamzito ("embarazada") akisema "I am embarrassed", au Mhispania mwenye mafua ("constipado") akisema "I am constipated", atasahihishwa papo hapo. Wasiwasi wangu ni yale yanayopita kimya. "Actually I work in a bank": yeye anamaanisha kwa sasa, msikilizaji anasikia kwa kweli, na hakuna anayegundua. Au anamwandikia mteja "Eventually we will pay", akimaanisha huenda tukalipa. Mteja anasoma kwamba hatimaye atalipwa!

Mengine ya kuwahi: "asistir" ni kuhudhuria, si "assist", "realizar" ni kutekeleza, si "realize", "librería" ni duka la vitabu, si "library", "molestar" ni kusumbua tu, ilhali "molest" ni kosa la jinai.

Hatua ya 4: Nahau

Usitafsiri. Eleza hali, kisha muulize kwao husemaje. Kitu ghali kwa Mwingereza hugharimu mkono na mguu, kwao hugharimu jicho la usoni. Kazi nyepesi ni "a piece of cake", kwao ni "pan comido", mkate ulioliwa, na sisi tungesema mteremko. Paka wa Kiingereza ana roho tisa, wao saba. "Raining cats and dogs" iache. Imejaa vitabuni kuliko midomoni.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wangu anaandika "people is" kila mara.*

Marahaba. "La gente" ni umoja kwao. Mwambie "people" ni watu, wengi. Mwangalie pia kwenye "advices", maana "consejos" zao zinahesabika.

*Je, "borrow" na "lend"? Hata sisi tunasema "borrow me your pen".*

Kweli, kwa sababu kuazima kwetu hutumika kwa anayetoa na anayepokea. Mwenzetu ana "prestar" kwa anayetoa na "pedir prestado" kwa anayeomba, kwa hiyo tofauti anaijua. Mpe tu "lend" na "borrow" kwa mpangilio huo. Hapa mwenye kujihadhari ni mwalimu.

*"Ship" na "sheep" anazitamka sawa. Nifanyeje?*

Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili, kwa hiyo mnashiriki tatizo. Anza na kusikia kabla ya kutamka: soma moja, aonyeshe picha. Ongeza "live" na "leave", ndizo atakazozihitaji zaidi kazini.

*Dada, lazima nijifunze Kihispania kwanza?*

Hapana. Kila akikosea, muulize sentensi hiyo angeisemaje kwao, uiandike pembeni ya kosa. Daftari hilo litakufaa kwa mwanafunzi atakayefuata.