Jinsi ya Kuendesha Pikipiki Katika Mchezo wa MotoGP Bila Kuanguka Kila Kona

Mtu aliyezoea michezo ya video ya mbio za magari huanguka mara nyingi anapoanza kucheza MotoGP, mchezo unaotengenezwa na kampuni ya Milestone ya Milan, Italia, na kwa kawaida huulaumu mchezo wenyewe. Kinachomwangusha ni mazoea. Gari lina matairi manne, ilhali pikipiki ina mawili, na kipande cha tairi kinachogusa lami pikipiki ikiwa imelala ni kidogo sana. Kipande hicho hicho ndicho kinachobeba kazi ya kupunguza mwendo, ya kugeuka na ya kuongeza mwendo, na uwezo wake wa kushika lami ni mmoja tu unaogawanywa kati ya kazi hizo. Ukiumaliza wote kwenye breki, hubaki na chochote cha kugeukia.

Kwa sababu hiyo, usianze na pikipiki kubwa za 1000 cc. Anza na Moto3, daraja la pikipiki ndogo zenye injini ya silinda moja ya 250 cc, ambayo ni nyepesi na inakulazimisha kutunza mwendo ndani ya kona, kwa kuwa haina nguvu za kukurudishia haraka mwendo ulioupoteza. Kisha chagua uwanja mmoja ukae nao. Mimi napendekeza Mugello, katika jimbo la Toscana, ambao kilomita zake 5.245 zina kona 15, nyingine za kupanda na nyingine za kuteremka. Gia zinazojibadilisha zenyewe si vibaya kuzitumia siku za mwanzo. Breki ya pamoja, yaani ule msaada unaofunga matairi yote mawili kwa kitufe kimoja, izime mapema, kwa sababu ukiizoea utalazimika kujifunza breki upya baadaye.

Breki ndiyo nusu ya mchezo huu. Njia iliyonyooka ya Mugello ina urefu wa mita 1,141, na ndipo Brad Binder wa Afrika Kusini alipopimwa mwaka 2023 akienda kilomita 366.1 kwa saa. Mwisho wake kuna San Donato, kona ya kulia inayohitaji mwendo mdogo sana. Jifunzie hapo. Tumia mabango ya umbali yaliyo kando ya njia kuchagua mahali pa kuanzia, na uanze kubonyeza breki ya mbele pikipiki ikiwa bado imesimama wima, kwanza taratibu ili uzito uhamie mbele na kuligandamiza tairi kwenye lami, kisha kwa nguvu. Ukiibana yote kwa mkupuo, tairi la nyuma linanyanyuka. Unapoanza kuilaza pikipiki, achia breki kidogo kidogo kwa kadiri inavyozidi kulala, hata ukifika ndani kabisa ya kona kidole kiwe karibu kimeondoka kwenye kitufe. Wengi huiachia ghafla, shokapu za mbele zikainuka, na pikipiki ikatoka nje ya mstari. Wengine huing'ang'ania hadi mwisho, nao hulipoteza tairi la mbele. Breki ya nyuma haikusimamishi kwa kiasi kikubwa, lakini ukiigusa kwa wepesi katikati ya kona itakusaidia kuukaza mkunjo.

Baada ya hapo kuna kusubiri, na nakiri kwamba sehemu hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Usiongeze mafuta mpaka uone njia ya kutokea na pikipiki ianze kuinuka. Ukiwahi, tairi la nyuma litateleza, na ukishtuka ukayafunga mafuta ghafla, tairi litashika tena kwa kishindo na kumrusha mwendeshaji juu ya pikipiki yake. Kwenye kona za Casanova na Savelli za Mugello, ambako njia inateremka, uzito tayari uko mbele, hivyo tangulia kupunguza mwendo na utumie nguvu kidogo. Kwenye kona zote mbili za Arrabbiata, za kulia na za kupanda, unachohitaji ni mafuta yaliyotulia.

Kuhusu mitambo ya kielektroniki, weka udhibiti wa kuteleza katika kiwango cha juu na uushushe hatua moja moja. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Mzunguko wa kwanza matairi huwa ya baridi, nayo hayastahili kuaminiwa.

Mchezo unakuruhusu kurudisha muda nyuma baada ya kuanguka. Utumie uwezo huo kuchunguza: irudie kona ileile na ujiulize kama ulikuwa unaliomba tairi breki na kugeuka, au kugeuka na mafuta. Ukishaacha kuanguka, nenda kwenye mbio za peke yako dhidi ya saa, na uikazie macho Bucine, kona ya mwisho ya kushoto. Ingia pale polepole kuliko unavyotamani, kwa sababu mwendo unaotoka nao ndio utakaoubeba mita zote 1,141 hadi San Donato.