Lenzi ya kamera ya f/0.95 ijaribu ikiwa wazi kabisa
Ukinunua lenzi ya bei nafuu ya kufokasi kwa mkono, mfano 50mm f/0.95 ya TTArtisan au 7Artisans, usiikague kwa f/4 (namba ya f ni kipimo cha uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa na mwanga ni mwingi). Hapo karibu kila lenzi inapendeza. Ifungue mpaka mwisho, kuza picha kwenye skrini, fokasi maandishi ya chupa ya soda iliyo mita moja, katikati kisha pembeni mwa fremu, ukifokasi upya. Uwazi huo ndio unaoulipia. Maandishi yakitoka na ukungu, bora f/1.4 ya zamani na adapta ya kuifunga kwenye kamera yako: unapoteza stopu moja hivi, yaani kama nusu ya mwanga, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 iwe 3200, basi. Usijaribu kwa mtu: kwa mita moja, kina cha fokasi (sehemu inayotoka kali) ni kama sentimita moja na nusu, akiyumba kidogo utailaumu lenzi bure.