Kukusanya na kupima maoni ya wasikilizaji wa redio ndogo ya kantri mbadala

Redio inayopiga kantri mbadala, yaani kantri iliyochanganywa na roki na muziki wa asili, haina msikilizaji wa aina moja. Yupo aliyelelewa na nyimbo za Hank Williams na Merle Haggard, yupo aliyetokea kwenye roki akaingilia mlango wa bendi kama Uncle Tupelo au Whiskeytown, na yupo asiyetaka kitu kingine zaidi ya banjo na fidla za milima ya Appalachia. Wote watakwambia wanaipenda redio yako, kisha kila mmoja atalalamikia theluthi mbili za unachopiga. Ukisikiliza simu peke yake, utaishia kumfurahisha mwenye nafasi ya kupiga simu.

Kazi huanza na daftari moja, la karatasi au la kompyuta, linalojazwa siku hiyohiyo. Weka safu hizi: tarehe, saa na dakika, njia (simu, ujumbe, ana kwa ana), mahali alipo msikilizaji, chombo anachotumia, kilichokuwa hewani, maneno yake kama alivyoyasema, na aina ya maoni. Aina ziwe tatu tu: nyimbo, watangazaji, na usikivu (jinsi matangazo yanavyomfikia msikilizaji, safi au yenye mikwaruzo). Safu ya "kilichokuwa hewani" ijazwe kutoka kwenye orodha ya studio, si kutoka kichwani mwa mtangazaji wa zamu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Anayesikiliza kwa intaneti hupata sauti ikiwa imechelewa, mara nyingi kati ya sekunde 20 na dakika nzima. Akiandika saa 3:14 asubuhi "toeni hiyo takataka", huenda analaumu wimbo uliokwisha kwenye FM na wewe ukaandika jina la ule uliofuata. Muulize kwanza kama yuko kwenye redio au kwenye simu, na kama hajibu, andika nyimbo zote mbili.

Mpe kila msikilizaji namba ya siri, mfano M017, na mwisho wa mwezi hesabu watu, si jumbe. Mpenzi mmoja wa gitaa la stili anaweza kuandika mara ishirini kwa mwezi. Huyo ni mtu mmoja, hata kama anaandika vizuri kuliko watangazaji wako.

Usikivu uondoe mapema

Malalamiko ya mikwaruzo hayahusu muziki, lakini humharibia mtu hamu ya muziki, na baadaye hujitokeza kwenye dodoso kama "siku hizi hamvutii". Nchini Marekani stesheni za FM za nguvu ndogo zina kikomo cha wati 100, na eneo lao la uhakika ni kama kilomita 5.6 kutoka kwenye mnara. Anayelalamika akiwa kilomita 15 mbali mwelekeze kwenye matangazo ya intaneti, usimhesabu pamoja na wanaochukia ratiba.

Akisema sauti hupapatika gari likisimama kwenye taa na hutulia likisogea hatua moja au mbili, hayo ni mawimbi yanayogonga majengo au vilima na kumfikia kwa njia mbili. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita 3, ndiyo maana kusogea kidogo hutosha. Malalamiko ya upande mmoja wa mji yanaashiria mlima au antena. Yakitoka pande zote ndani ya saa moja, mpigie fundi wa mitambo, acha daftari.

Dodoso

Maswali manane yanatosha, yajibiwe kwa dakika 3. Anza na matendo kabla ya maoni:

1. Mara ya mwisho ulitusikiliza lini, saa ngapi?
2. Ulikuwa wapi na ulitumia chombo gani?
3. Ulizima au kuhamia kwingine kwa sababu gani?
4. Taja wimbo au mwanamuziki mmoja uliyemsikia kwetu na ukamtafuta baadaye.
5. Taja mmoja ambaye ukimsikia unabadili stesheni.
6. Mtangazaji yupi humwachi akiwa hewani?
7. Usipotusikiliza sisi, unasikiliza nini?
8. Umri na mtaa.

Swali la nne ndilo lenye thamani kuliko yote. Redio ya namna hii huishi kwa kumwonjesha mtu asichokijua, na jibu tupu hapo ni onyo hata kama amekupa sifa kwingine kote. Usiulize "ungependa tupige nini zaidi?" Jibu ni "za zamani", na ukizipiga hasikilizi zaidi ya mwanzo. Wala usitumie jina "kantri mbadala" ndani ya dodoso, kwa sababu kila mtu ana maana yake. Taja wanamuziki watatu, kila mtu aelewe.

Kuhusu idadi: watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukupa makosa ya takriban asilimia 10 juu au chini; ukitaka asilimia 5 unahitaji kama 400. Hesabu hiyo haina maana yoyote kwa watu waliojitokeza wenyewe kupitia ukurasa wako wa Facebook, hata wakiwa elfu mbili. Wasiopiga simu wafuate waliko: dukani kwa muuza gitaa, kwenye soko la wakulima, mlangoni pa tamasha. Stesheni ya WDVX ya Knoxville, Tennessee, iliyoanza 1997 ndani ya trela ndogo ya kambi, hufanya kipindi cha muziki wa moja kwa moja saa za mchana mbele ya hadhira. Watu walioketi mbele ya jukwaa wakila chakula cha mchana wanaweza kujaza karatasi nusu ukurasa, na hapo utawapata wasiowahi kushika simu kukulalamikia.

Kupima nyimbo

Stesheni kubwa huchezesha kipande cha wimbo cha sekunde chache, mara nyingi kiitikio, na kuomba alama 1 hadi 5. Njia hiyo hupima mazoea. Kwa redio yenye maktaba pana haifai: wimbo usiojulikana hupata 2 hata kama ni mzuri, na ukifuata matokeo hayo kwa mwaka mmoja unabaki na nyimbo mia tatu kama stesheni ya jirani.

Badala yake, keti na watu 20 hadi 25. Chezesha nyimbo 12, kila moja sekunde 90, tatu kati yake ziwe zinazojulikana na wote ili upate kipimo cha kulinganishia. Uliza: unaujua? ungeuacha uendelee? umechoka nao? Kundi la pili lipewe nyimbo zilezile kwa mpangilio wa kinyume, kwa kuwa masikio huchoka na nyimbo za mwisho huonewa.

Unaposoma majibu, usikimbilie wastani. Wimbo uliopewa 3 na kila mtu na wimbo uliopewa 5 na nusu ya watu na 1 na nusu nyingine vina wastani uleule. Wa kwanza uache. Tayari wanausikia kwingine. Wa pili uweke kwenye saa ya jioni, mbali na wimbo mwingine wa ubishi, maana nyimbo mbili za kugawanya watu zikifuatana humfukuza kila mmoja kwa zamu.

Takwimu za seva na vitabu vya wasikilizaji

Kumbukumbu za seva, kompyuta inayorusha matangazo yako ya intaneti, huonyesha nani alitoka dakika ipi. Ondoa kwanza waliokaa chini ya sekunde 60. Wengi wao ni simu zilizopoteza mtandao. Linganisha na dakika ileile ya wiki nne zilizopita, kwa sababu watu hutoka saa mbili na nusu asubuhi wakifika kazini, si kwa kuchoshwa na fidla. Watu wanne wakitoka kati ya thelathini si habari. Wimbo ushukiwe ukitoa watu mara tatu, katika saa tofauti.

Katika miji midogo ya Marekani, Nielsen, kampuni inayopima wasikilizaji, bado hutumia madaftari ambayo msikilizaji hujaza kwa wiki moja kuanzia Alhamisi, na robo saa huhesabiwa akisikiliza angalau dakika 5. Kwa stesheni ndogo, nyumba moja inayoipenda inaweza kupandisha namba, na nyumba hiyohiyo ikihama zikaporomoka. Usimwondoe mtangazaji kwa kitabu kimoja, yaani ripoti moja ya namba hizo.

Stesheni zinazoishi kwa michango huuliza kipindi unachokipenda kwenye fomu ya mchango. Ni taarifa nzuri, ila saa yenye zawadi ya tiketi hupata sifa isiyo yake.

Msikilizaji akitishia kushtaki kwa FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, kwamba umepunguza banjo, mjibu kwa upole. Mwaka 1981, katika shauri la WNCN Listeners Guild, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali tume hiyo isiingilie aina ya muziki wa stesheni. Anayetaka mabadiliko amwandikie meneja wa vipindi, akitaja siku, saa na wimbo. Barua ya mistari mitano yenye mambo hayo matatu husomwa. Ya kurasa mbili kuhusu kufa kwa kantri hupangwa kwenye faili.

Kwa vipindi vya kantri vya wikendi nchini Kenya, ongeza safu moja: salamu. Jumbe nyingi huwa ni salamu na maombi ya Don Williams, Kenny Rogers au Dolly Parton. Zisome hewani, lakini zisihesabiwe kama maoni juu ya ratiba, kwa sababu mtu huomba anachokijua. Namba za simu zifutwe daftari likishafungwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Ukibadili kitu, badili kimoja: mtangazaji au nyimbo au saa, kisha usiguse kwa wiki nane. Wiki mbili za kwanza simu zitajaa hasira za waliozoea. Maoni ya kuhesabu ni ya wiki ya tano kuendelea.